Kichwangomba cha Akilini: Somo kwa Walimu wa Mazoezi ya Viungo

Mwalimu mwenye watoto 40 na godoro moja anaijua taabu ya somo la mazoezi ya viungo. Mtoto mmoja hupiga kichwangomba, na wengine 39 husimama mstarini wakisukumana. Somo likiisha, kila mmoja amepata zamu mbili au tatu tu. Hapa twaeleza namna ya kuutumia wakati huo wa kungoja, nayo haihitaji chombo chochote: mtoto afundishwe kukifanya kitendo akilini kabla ya kukifanya kwa mwili.

Jambo hili si uganga. Katika miaka ya 1930 Edmund Jacobson wa Chicago alipima umeme mdogo ulio katika misuli, akaona kwamba mtu akiwaza tu kuwa anakunja mkono, msuli wa mkono ule huonyesha dalili ndogo ya kazi. Mwaka 1983 Deborah Feltz na Daniel Landers wa Marekani walilinganisha uchunguzi 60, wakaona kuwa mazoezi ya akilini humfaa mtu kuliko kukaa bure, ingawa faida yake ni ya kadiri. Basi mwalimu asilifungie godoro ghalani!

Kwanza mtoto aone kitendo kikifanywa vizuri, naye akijaribu akisaidiwa; la sivyo atakuwa na picha gani kichwani? Kisha aketi, afumbe macho, na mwalimu aseme polepole: chuchumaa, viganja chini, kidevu kifuani, inua matako, mgongo uwe mviringo kama gurudumu, mabega yaguse chini, simama. Mtoto asijitazame kama atazamaye sinema. Awe ndani ya mwili wake mwenyewe, asikie godoro viganjani na uzito ukipita mgongoni.

Upo ujanja mmoja ambao mimi naupenda sana. Mtoto apige kofi moja anapoanza kubingirika akilini, na la pili anapomaliza. Kichwangomba huchukua muda wa sekunde mbili tatu. Makofi yakifuatana mara moja, mwalimu ajue kuwa kuna sehemu iliyorukwa, na mara nyingi ni ile ya kidevu, ambayo ndiyo hulinda shingo.

Hatari ya njia hii ni picha mbaya. Mtoto anayejiona akianguka, basi anajizoeza kuanguka. Mwulize, “Umeona nini?” Akijibu kwamba ameangukia kichwa, usimcheke wala usimlazimishe, mrudishe kwenye kitendo chepesi, kama kubingirika ubavu kwa ubavu juu ya majani. Hata mabingwa hupatwa. Julai 2021, mjini Tokyo, Simone Biles wa Marekani aliruka akikusudia kujizungusha mara mbili na nusu hewani, akapata mara moja na nusu tu. Alijitoa katika fainali ile ya timu, na baadaye akaeleza kwamba alikuwa amepoteza hisia ya mahali mwili wake ulipo hewani. Ikiwa bingwa wa dunia aliona heri kuacha, mtoto wa darasa la tatu asisukumwe.

Mazoezi haya yawe mafupi, dakika moja au mbili, kwani watoto huchoka upesi na kuanza kuwaza chakula. Yafaa zaidi yafanywe na wale watatu walio mbele mstarini, ili kila mmoja alifikie godoro picha ikiwa bado mbichi, naye mwalimu awe amepiga magoti kando, mkono wake tayari nyuma ya kichwa cha mtoto.