MACHO YA MANJANO: TUNAOGOPA SAHANI, HATUOGOPI WEMBE



Kila mutu aliyepasua kuku anaijua nyongo. Ni kile kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini. Kikipasuka, nyama yote inakuwa chungu na mama wa jikoni anakukaripia. Sisi watu pia tuko nacho. Ini ya mtu mzima ina uzito wa karibu kilo 1 na nusu. Inatengeneza nyongo kila siku, kifuko kinaitunza, kisha inapita katika mfereji mwembamba mpaka kwenye utumbo, kusaidia kusaga mafuta ya chakula.

Sasa manjano inatoka wapi? Chembe nyekundu za damu zinaishi karibu siku 120. Zikikufa, zinaacha rangi ya manjano inayoitwa bilirubini. Ini inaichukua na kuitupa ndani ya nyongo, na njo sababu choo yetu iko na rangi ya udongo. Kazi hiyo ikiharibika mahali popote, rangi inabaki katika damu na inaonekana kwanza kwa macho. Basi manjano si jina la ugonjwa. Ni alama tu, kama moshi juu ya nyumba: pengine mtu anapika, pengine paa inaungua.

Njia ni tatu. Ya kwanza, damu inavunjika mingi kupita nguvu ya ini. Hiyo tunaiona katika malaria kali na kwa wenzetu wenye SS. Ya pili, ini yenyewe inagonjwa. Ya tatu, mfereji umezibwa, mara nyingi na jiwe la nyongo: choo inakuwa nyeupe, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, ngozi inawasha. Huyo, zaidi akiwa na homa na maumivu chini ya mbavu za kuume, apelekwe hospitali bila kungoja. (Wenye SS nao wanapata mawe hayo hata wakiwa vijana, kwa vile damu yao inavunjika kila siku.)

Hapa niseme wazi. Katika internati yetu, mwenye SS akiamka na macho ya manjano, wengine wanatenga kikombe chake. Ni bure! SS mtu anazaliwa nayo, ameipata kwa baba na mama wote wawili. Haiambukizi kwa sahani wala kwa kitanda. Lakini Jumamosi watu wale wale wanajipanga mstari, wembe moja unapita kichwa kwa kichwa, na hakuna anayeogopa. Naona tumegeuza mambo.

Maana kuna epatiti B. Mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi nayo. Inapita kwa damu, kwa ngono, na kwa mama anapozaa mtoto. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho inatosha, na virusi yake inaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Hesabuni basi toka Jumamosi mpaka Jumamosi. Na ule wembe wa kuchanja mwili ili kutia dawa, ambao wengine wanautumia hata kuponya manjano yenyewe, uko vile vile.

Ubaya wake ni kunyamaza. Mtu mzima akiipata, mara nyingi mwili unaishinda. Lakini watoto 10 wakiambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 wanabaki nayo. Mtu kama huyo anaweza kusoma, kulima, kuoa, miaka 20 au 30, bila manjano hata siku moja. Kisha ini inajaa makovu, inakuwa ngumu, tumbo inajaa maji, ao kansa inaingia. Njo tunasikia vijijini: "Amelishwa karuho." Jirani anashitakiwa, familia mbili zinakuwa adui, kumbe pengine ugonjwa uliingia siku ile alipozaliwa. Sisemi hakuna sumu duniani. Nasema damu ipimwe kwanza.

Epatiti A na E ni mambo mengine, zinapita kwa maji na mikono michafu ya choo. Kule Kitgum, Uganda, E ilianza mwaka 2007 kati ya watu waliokimbia vita, ikakamata zaidi ya watu 10,000. Inaumiza zaidi wanawake wenye mimba. Kwa hiyo kunawa mikono ni sheria ya wote, si ya mwenye macho ya manjano peke yake.

Chanjo ya B iko. Hapa Kongo imo ndani ya sindano ya watoto wa wiki 6, 10 na 14. Sisi wa mwaka wa sita tulizaliwa wakati ilipokuwa inaanza kuenea, na vita ilikimbiza mama zetu porini, basi wengi hatujui kama tuliipata. Ambaye kadi yake haikupotea, aitazame. Na akipimwa mtu akakutwa na B, asikate tamaa: kuko kidonge cha tenofovir, moja kwa siku, hakimalizi virusi lakini kinaizuia kuharibu ini. Si kila mtu anakihitaji mara moja, muganga ndiye anaamua. Lotoko yeye aiache kabisa.

Toka Jumamosi hii, kila mmoja aje na wembe wake, ameandika jina kwenye karatasi yake. Asiye na uwezo aniambie kwa siri kabla ya Ijumaa jioni.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa sita, Biolojia-Kemia