Matiti Yanapokua kwa Mwanamume: Tafuta Chanzo Kabla ya Dawa

Mwanamume anayeona matiti yake yanakua mara nyingi huona aibu, hunyamaza, kisha hutafuta dawa dukani kwa siri. Katika somo hili tunaeleza kwa nini uamuzi huo unaweza kugharimu maisha.

Chanzo ni nini?

Mwili wa mwanamume hutengeneza testosteroni, ambayo ni homoni ya kiume, pamoja na kiasi kidogo cha estrojeni, homoni ya kike. Estrojeni ikizidi au testosteroni ikipungua, matiti hukua. Kwa wavulana wanaobalehe, hali hiyo ni ya kawaida na mara nyingi hutoweka yenyewe. Kwa watu wazima inaweza kuletwa na ugonjwa wa ini au dawa kama vile spironolaktoni na ketokonazoli.

Mara chache sana, chanzo huwa ni uvimbe katika tezi ya adrenali, tezi ndogo iliyo juu ya figo. Uvimbe huo hutoa estrojeni kupita kiasi. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nayo hupunguza vichocheo vinavyoamsha korodani. Korodani husinyaa, mbegu hupungua na hamu ya tendo la ndoa hufifia. Uvimbe wa aina hii huwapata hasa wanaume wa miaka 25 hadi 50, na mara nyingi ni saratani.

Tahadhari kuhusu dawa

Hamu inapofifia, wengi hushawishika kununua testosteroni. Tunatahadharisha kuwa mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, hivyo matiti yanaweza kukua zaidi. Aidha, dawa inayopunguza matiti haiondoi uvimbe wa adrenali. Huficha dalili huku saratani ikiendelea kukua.

Hatua za kuchukua

1. Fika hospitali mapema iwapo titi linakua kwa haraka, lina maumivu au donge gumu, au iwapo korodani zinasinyaa.

2. Beba dawa zote unazotumia, zikiwemo za asili na virutubisho, pamoja na vifungashio vyake.

3. Usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuzungumza na daktari.

4. Muulize daktari kama unahitaji kupimwa homoni katika damu, ultrasaundi ya korodani au picha ya CT ya tumbo.

Uvimbe wa adrenali ukithibitika, tiba kuu ni upasuaji wa kuuondoa, nao huleta matumaini zaidi saratani ikiwa haijasambaa. Baada ya upasuaji, mgonjwa hufuatiliwa kwa vipimo kwa muda mrefu, kwa kuwa saratani hii inaweza kurejea.

Ukishuku kuwa dawa ndiyo iliyokuza matiti, toa taarifa kwa mfamasia au kituo cha afya. Taja jina la dawa, namba ya toleo na tarehe uliyoanza kuitumia. Taarifa hizo hutuwezesha kufuatilia usalama wa dawa iliyomo sokoni.