Oili Haizidi Kuwa Nzito kwa Kupata Moto

Barua za safari hii karibu zote ni za oili ya injini. Nimechagua zile zinazoniudhi.

Fundi wangu anasema 20W-50 asubuhi ni nyepesi kama 20, injini ikipata moto inakuwa nzito kama 50. Ni kweli?

Mmeuliza wengi, nawajibu kwa pamoja: si kweli, na sijui nani aliuanzisha uvumi huu. Hakuna oili ya injini inayozidi kuwa nzito kwa kupata moto. Chukua 20W-50 ya kawaida. Kwenye nyuzi 40 za Sentigredi mnato wake ni takribani sentistoki 160. Ikifika nyuzi 100, zinabaki kama 18 tu.

Namba mbili za kwenye jina, 20W na 50, zinatokana na vipimo viwili tofauti. 20W ni daraja la baridi, na oili hiyo hupimwa ugumu wa kuzungushwa ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri. 50 ni daraja la nyuzi 100: mnato uwe kuanzia sentistoki 16.3 na usifike 21.9. Kila namba inailinganisha oili hiyo na oili nyingine zenye joto lilelile. Kuzipanga 20 na 50 kwenye ngazi moja ni sawa na kulinganisha saizi ya kiatu na saizi ya shati.

Kinachofanyika ni hiki. Oili ni mchanganyiko wa mafuta ya msingi na vikolezo, na baadhi ya vikolezo ni polima, yaani molekuli ndefu. Kwenye baridi hujikunja, kwenye moto hutanuka na kuyazuia mafuta yasilegee haraka. Yanalegea vilevile, ila polepole zaidi. Na molekuli hizo hukatika kwa kusagwa ndani ya injini, ndiyo maana oili iliyochoka inaweza kuwa nyepesi hata kama kijiti kinaonyesha imejaa.

Nikichanganya 5W-30 na 20W-50 nusu kwa nusu, nitapata 40?

Mnato haujumlishwi ukagawanywa kwa mbili. Changanya oili ya sentistoki 100 na ya 10, nusu kwa nusu: hupati 55, unapata karibu 30. Ile nyepesi ndiyo inayovuta zaidi. Kama umekwama njiani, ongeza uliyopata ufike gereji. Isiwe mazoea.

Mafuta ya taa kidogo kwenye oili, kusafisha injini?

Usithubutu.

Kwa joto hili la Dar es Salaam si lazima oili nzito?

Injini nzima ikishapata moto, oili yake hukaribia nyuzi 100, uwe Tanga au Makete.

Gari linakula oili na kutoa moshi. Nimeuziwa dawa ya kuizidishia uzito.

Umeuziwa pazia. Moshi unaweza kupungua, lakini ringi zilizolika hazikui. Tena asubuhi oili hiyo nzito inachelewa kupanda hadi kwenye kamshafti, na huko vyuma vinasagana vikavu. Pima kompresheni kwanza, ndipo utoe hela.

Fundi hupima oili kwa kuisugua vidoleni. Anaweza kujua ni nzito kiasi gani?

Ya nyuzi 100? Angeungua.

Kabla ya kumwaga oili, fungua kitabu cha gari. Kama kimepotea, tazama kifuniko cha kujazia oili. Magari mengi yamechapwa daraja lake hapo.