SOMO: KUNUNUA NA KUUZA BESI ILIYOTUMIKA, NA NAMNA YA KUIPATIA UMEME



Sisi tuliotoka Kongo tunajua kwamba bila besi sebene haisimami, na hata wimbo wa ibada hupwaya. Ndiyo maana makundi mengi hapa kambini, kwaya kwa kwaya na vijana wa muziki, hukusanya fedha kidogo kidogo mpaka yapate gitaa la besi na mashine yake. Karibu vyote tunavyonunua vimekwisha kutumika. Si vibaya. Besi nzuri iliyotunzwa huishi miaka mingi kuliko mwenyewe. Lakini fedha yetu ni ya jasho, na kosa moja la umeme linaweza kuichoma kwa dakika moja.

Nitaanza na kosa la kwaya yetu wenyewe, maana nilikuwepo. Tulilima vibarua miezi kumi na mmoja. Tukatuma watu wawili mjini, wakarudi na amplifaya kubwa ya besi iliyotoka Marekani, safi, yenye plagi ya miguu mitatu kama zinazotumika hapa. Siku ya arusi tukaichomeka kwenye jenereta. Haikupiga hata wimbo mmoja. Ilinguruma, ikatoa harufu ya plastiki, kisha moshi. Nyuma yake palikuwa na kibandiko kilichoandikwa 120 V, na hakuna kati yetu aliyekisoma. Muuzaji alikuwa amekata plagi ya zamani na kufunga mpya. Ubaya uliofuata ulizidi moshi ule: hatukuwa na karatasi ya bei, kwa hiyo watu wakaanza kusema kwamba mama mtunza fedha alikula sehemu. Aliacha kuimba mwaka mzima. Alirudi, lakini mfuko hataki kuushika tena mpaka leo.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Basi jambo la kwanza ni kusoma nyuma ya mashine. Umeme wa Uganda, Kenya na Tanzania ni wa volti 230 hadi 240, na wa Kongo na Burundi ni 220. Mashine iliyoandikwa 220, 230 au 240 itafanya kazi. Iliyoandikwa 110, 115 au 120 ilitengenezwa kwa Marekani, na ya 100 ni ya Japani. Ukiichomeka moja kwa moja utaiua. Nyingine zina swichi ndogo ya kuchagua, 115 au 230. Hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuchomeka, na uifunge kwa utepe ili mtoto asiisogeze. Umbo la plagi halikuambii lolote juu ya volti. Plagi hubadilishwa na mtu yeyote mwenye bisibisi. Kama mashine ya volti 120 ni nzuri na bei ni ndogo, unaweza kuinunua pamoja na transfoma ya kushusha umeme, lakini transfoma hiyo iwe na wati zaidi ya zile mashine inazokula. Hesabu gharama ya vyote viwili pamoja, ndipo useme ni rahisi.

Sasa gitaa lenyewe. Lishike kama bunduki, jicho lako likitazama kwenye shingo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Shingo iliyopinda kidogo hunyoshwa kwa chuma kilichomo ndani yake, na fundi akigeuza ufunguo robo tu hutosha. Shingo iliyojisokota kama nguo inayokamuliwa haitengenezeki kwa uwezo wetu, iache. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Katikati, kwenye freti ya saba au ya nane, paonekane nafasi nyembamba, kama unene wa kadi ya chakula. Kama penseli inapita, shingo imevutwa na nyuzi. Usishangae: nyuzi nne za besi kwa pamoja huvuta shingo kama uzito wa mtu mzima, kilo 70 na zaidi. Gitaa lililoachwa miezi chini ya bati la moto halivumilii.

Piga kila uzi kwenye kila freti, taratibu, bila haraka hata kama muuzaji anakunja uso. Sauti inayokwaruza mahali pamoja tu ni freti iliyolika au iliyoinuka. Zungusha vitufe vya sauti; mkwaruzo wakati wa kuzungusha ni vumbi, na hilo husafishwa. Tikisa waya pale unapoingia kwenye gitaa. Kama sauti inakatika, mara nyingi ni lehemu imeachia, kazi ndogo kwa fundi wa redio. Usikubali kupandishiwa bei kwa ajili ya rangi inayong'aa. Rangi haina sauti.

Chukua pia kamba ya kupimia. Besi nyingi hufuata kipimo cha ile ya kwanza iliyouzwa na kiwanda cha Leo Fender huko California mwaka 1951: uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja ni kama sentimita 86. Ziko fupi za sentimita 76. Ukinunua nyuzi za besi fupi kwa besi ndefu umetupa fedha. Na nyuzi mpya zikishindikana, chemsha za zamani dakika kumi kwenye maji safi, uzikaushe vizuri. Mafuta ya vidole hutoka na sauti hung'aa tena kwa siku kadhaa.

Kuna besi nyingine zenye betri ndogo ya mraba ya volti 9 ndani, chini ya kifuniko cha nyuma. Betri ikiisha, besi inanyamaza kabisa au inatoa sauti ya mgonjwa. Mimi niliwahi kununua besi "iliyokufa" kwa bei ya kuni, nikijua fika kwamba ni betri tu. Muuzaji alikuwa mzee, alikuwa akimuuzia marehemu mwanawe. Sikumwambia. Ile besi inapiga vizuri, lakini siku nyingine ninapoishika namkumbuka yule mzee. Nawe mwenye besi ya namna hiyo, chomoa waya kila mnapomaliza mazoezi, kwa sababu waya ukibaki ndani betri inaendelea kuliwa usiku kucha.

Upande wa spika: weka vidole vya mikono miwili juu ya karatasi ya spika, pande mbili, sukuma ndani kidogo sana kwa usawa. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Tazama mpira wa pembeni kama umepasuka au umeliwa na panya. Na usidanganyike na amplifaya ya gitaa la solo. Uzi mnene wa besi hutikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya solo ikilazimishwa kwa nguvu kufanya kazi hiyo hupasuka. Kwa mazoezi ya sauti ya chini itavumilia. Kwa ibada ya watu mia mbili, hapana. Afadhali kupitisha besi kwenye mikisa na spika kubwa za kundi, zile za maikrofoni, kama zipo.

Ukitaka kuongeza spika ya pili, soma namba ya omu. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huwa omu 4. Kama amplifaya imeandikwa mwisho wake ni omu 8, usifanye hivyo. Itachemka na kufa. Waya wa gitaa pia usiutumie kwenda kwenye spika. Ni mwembamba ndani.

UMEME WA BETRI NA SOLA

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tufanye hesabu pamoja. Chukua amplifaya ambayo nyuma imeandikwa kwamba inakula wati 120. (Usichanganye na wati za sauti zilizoandikwa mbele kwa herufi kubwa, unachohitaji ni wati za kula.) Gawanya kwa volti 12 za betri: amperi 10. Inveta nayo inapoteza kidogo, basi sema 12. Betri ya amperi-saa 100 usiitoe zaidi ya nusu, vinginevyo haitamaliza mwaka. Nusu ni 50. Gawanya 50 kwa 12: saa nne. Ukipiga kwa sauti ya wastani utapata zaidi, kwa kuwa muziki una mapumziko, lakini panga kwa saa nne.

Kurudisha umeme huo je? Amperi-saa 50 kwa volti 12 ni wati-saa 600. Paneli ya wati 100, kwenye jua zuri la saa tano, kwa karatasi inatoa 500, lakini kwa vumbi, joto na waya utapata kama 350. Kwa hiyo ni siku mbili, na wakati wa mvua ni zaidi. Kwaya inayofanya mazoezi Jumamosi jioni saa nne nzima na kutaka betri ileile Jumapili asubuhi, inajidanganya. Hamisheni mazoezi yenu Alhamisi. Kwetu tulibishana wiki tatu juu ya jambo hilo, wakati hesabu yake ni ya darasa la sita.

Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiitumia kwa muziki na kuitoa hadi chini itakufa mapema. Tafuta ya sola. Pima kwa mita baada ya kuipumzisha saa chache bila kazi: 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu na nusu, na hapo simama. Maji ya betri yawe yale yaliyosafishwa ya dukani, si ya bomba wala ya ziwa. Usichaji betri ndani ya chumba mnacholala, wala karibu na mshumaa au jiko. Inatoa gesi inayolipuka.

Inveta iwe na uwezo mara mbili ya mashine. Waya kati ya betri na inveta uwe mfupi na mnene, kwa sababu wati 300 kwenye volti 12 ni amperi 25, na waya mwembamba unaobeba amperi 25 ni moto. Nyumba zetu ni za turubai na nyasi. Weka fyuzi karibu na betri. Fyuzi ikiungua tafuta nyingine ya namba ileile. Ile karatasi ya fedha ya sigara ambayo mafundi wa njiani huizungushia si fyuzi. Inveta za bei rahisi huleta mngurumo kwenye besi, kwa hiyo ijaribu na gitaa lako kabla ya kulipa.

Kwa jenereta, iwashe kwanza iwe imetulia, ndipo uchomeke mashine. Unapomaliza, zima mashine kwanza. Ikae nje, mbali na mlango na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

WAYA WA ARDHI

Wapo wanaovunja mguu wa tatu wa plagi ili kuondoa mngurumo. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Nyuzi za besi zimeunganishwa na ardhi ya amplifaya. Ikiwa kuna hitilafu, mpigaji ameshika nyuzi na midomo yake ikagusa maikrofoni ya mashine nyingine, umeme unapita mwilini mwake. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey alikufa hivyo jukwaani mjini Swansea, Wales, kwa maikrofoni isiyokuwa na ardhi. Chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja. Kabla ya kuimba, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye uzi na nyingine kwenye chuma cha maikrofoni. Isomeke karibu na sifuri. Ikisoma makumi ya volti, zima kila kitu. Na mvua ikivuja, au mko pekupeku kwenye udongo uliolowa, pigeni ngoma siku hiyo. Wala usifungue amplifaya kwa kuwa tu umechomoa plagi. Ndani yake umeme hubaki.

UNAPOUZA

Familia inapoondoka kwenda nchi ya tatu, au kurudi nyumbani, huuza kwa haraka. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa: mpiga besi ameiuza, kwaya inasema ni yake. Kama ilinunuliwa kwa michango ni ya kundi, hata kama imelala kwa mpigaji miaka mitano. Iandikeni leo kwenye daftari la kundi, na namba iliyochongwa nyuma ya kichwa cha gitaa, na majina ya waliochanga. Chombo ambacho shirika liliwapa vijana kwa mafunzo hakiuzwi na mtu mmoja.

Ukiuza kilicho chako, taja ubovu wake wote na mwache mnunuzi apige kwa sauti kubwa nusu saa, maana ubovu mwingine huonekana mashine ikipata joto. Andikeni karatasi mbili: tarehe, namba ya chombo, bei kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi zenu na za mashahidi wawili, mmoja awe mwenyekiti wa kijiji. Mnunuzi asiyetaka karatasi, mwogope. Muuzaji asiyetaka, mkimbie.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KUNDI

1. Amplifaya yenu inakula wati 180 na betri ni ya amperi-saa 100. Mtapiga saa ngapi kabla ya kufika nusu?
2. Nani anashika karatasi ya besi yenu, na akiondoka kambini itabaki kwa nani?
3. Nyuma ya mashine yenu pameandikwa volti ngapi? Anayejibu bila kwenda kutazama, mpelekeni akatazame.