Mtoto amerudi na barua ya kufunga shule: isome yote, kisha ijibu

Juni na Desemba, shule za sekondari za Tanzania zinapofunga mihula, mwanafunzi huondoka na bahasha yenye karatasi mbili. Moja ni barua ya mkuu wa shule kwa wazazi na walezi: habari za muhula, shukrani, tarehe ya kufungua na mahitaji. Ya pili ni ripoti ya maendeleo ya mtoto wako. Katika nyumba nyingi kinachotazamwa ni kitu kimoja tu, amekuwa wa ngapi, halafu bahasha inapanda juu ya kabati. Hiyo nafasi aliyoshika, kwa maoni yangu, ndiyo habari ndogo kuliko zote zilizomo humo.

Kwanza, je, bahasha imekufika? Tarishi wake ni mwanafunzi mwenyewe, na mwanafunzi aliyefanya vibaya ana njia nyingi za kupoteza karatasi. Kama shule imefunga Ijumaa na Jumatatu hujaona kitu, mpigie mwalimu wa darasa. Siku hizi madarasa mengi yana kundi la WhatsApp la wazazi, na barua hupigwa picha ikatumwa humo. Ripoti ya kila mtoto ni siri yake na haipaswi kuanikwa kundini. Wenye watoto waliopanga geto karibu na shule za kata wawe macho zaidi, maana barua hubaki chini ya godoro huko geto na mtoto akaja nyumbani na salamu tu. Ripoti hailipiwi. Ikipotea kweli, omba nakala shuleni. Gharama yako ni nauli na shilingi mia au mia mbili za kutoa kopi.

Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia sekondari. Kama hukijui, usione haya. Lakini usimtegemee mwenye ripoti peke yake akusomee, hasa yale maoni ya mwalimu pale chini. Mpe na mtu mwingine unayemwamini aisome: jirani, shangazi yake, au mtendaji wa mtaa.

Unapoifungua, anza na mahudhurio. Mwaka wa masomo huwa na siku 194, kwa hiyo muhula mmoja ni karibu nusu ya hizo. Ripoti ikionyesha mtoto amehudhuria siku 70 na wewe ulimwona akitoka na sare kila asubuhi, hapo pana jambo la kuzungumza kabla hujafika kwenye Hisabati. Huenda alikuwa anauza maji stendi, huenda kuna mtu anamsumbua njiani, huenda anatoroka baada ya mapumziko kwa sababu ya njaa. Muulize kwa utulivu. Kwa binti hasa, siku zinazokosekana kila mwezi kwa mpangilio uleule mara nyingi zinasema hana taulo za kike za kutosha, au choo cha shule hakina maji.

Sasa alama. Kidato cha kwanza hadi cha nne, madaraja ya Baraza la Mitihani (NECTA), ambayo shule nyingi huyafuata hata kwenye mitihani yao ya ndani, ni haya: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Kila daraja lina pointi zake: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Zinachukuliwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kujumlishwa. Pointi chache ndizo nzuri. Kuanzia 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni sifuri.

Tuchukue mfano, wa kubuni, wa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kiswahili 71, Uraia 66, Historia 52, Kiingereza 47, Jiografia 45, Biolojia 39, Fizikia 31, Kemia 30, Hisabati 28. Wastani wake ni 45, na wazazi wengi wakiona 45 kwa mia wanashika kichwa. Hebu tuhesabu. Kiswahili na Uraia ni B, jumla pointi 4. Historia, Kiingereza na Jiografia ni C, jumla pointi 9. Biolojia na Fizikia ni D, jumla pointi 8. Hayo ndiyo masomo saba bora, na jumla kuu ni 21. Huyu ana divisheni ya pili.

Usishangilie bado. Tazama ile Jiografia: 45 ndiyo mwanzo wa C. Angekosa alama moja tu ingekuwa D, jumla ingekuwa 22, na divisheni ingekuwa ya tatu. Kemia nayo ina 30, imeponea mlangoni. Na Hisabati ni F, ila haikuingia kwenye hesabu kwa sababu masomo saba mengine yameibeba. Kwa hiyo swali la kumpelekea mwalimu si kwa nini mtoto ni wa 34 kati ya 112. Muulize: Jiografia ameipoteza wapi, kwenye ramani au kwenye maswali ya kujieleza? Hisabati alianza kuachwa kidato gani? Mwalimu akiulizwa hivyo hufungua daftari lake la alama na kukujibu kitu cha kufanyia kazi.

Kidato cha tano na cha sita madaraja ni mengine, usiyachanganye. Huko A huanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35, na chini ya hapo ni F. Divisheni huhesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi, yaani yale masomo makuu aliyochaguliwa kwenda kuyasoma: pointi 3 hadi 9 ni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu. Alama 55, ambayo kidato cha nne ni C, huku ni D.

Kama una mtoto kidato cha pili, ripoti ya Juni ina uzito wa pekee. Mwishoni mwa mwaka atafanya upimaji wa kitaifa, na anayeshindwa hurudia kidato hichohicho. Ukiona F nyingi mwezi Juni bado kuna miezi ya kutosha kuhangaika. Ukisubiri matokeo ya Januari, kazi iliyobaki ni kununua madaftari ya kurudia mwaka.

Turudi kwenye barua ya mkuu wa shule. Ina aya moja ambayo watu huiruka: ya shukrani. Ni kosa kuiruka, kwa sababu hapo ndipo shule inapokueleza mchango wenu umekwenda wapi. Barua nzuri husema, kwa mfano, tumepokea magunia kadhaa ya mahindi na maharage, wanafunzi wamekula mchana kwa wiki kadhaa, kilichobaki stoo ni kiasi hiki. Tunawashukuru waliojitokeza kuchimba msingi wa maabara. Barua inayosema tunawashukuru kwa ushirikiano wenu ikaishia hapo haijakuambia kitu. Ukipata ya namna hiyo, nenda kwenye mkutano wa wazazi ukaulize kwa adabu hesabu ya chakula. Bodi ya shule ina wajumbe wanaowakilisha wazazi, na kazi yao mojawapo ni kukujibu hilo.

Baada ya shukrani huja maombi. Je, ni lazima ulipe? Tangu Januari 2016 serikali ilifuta ada katika shule zake za sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne. Kabla ya hapo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita ikafutwa pia. Mambo yaliyobaki kwako ni sare, madaftari, kalamu, nauli na matibabu, na kwa wa bweni godoro, mashuka na vifaa vyake binafsi. Michango mingine, kama ya chakula cha mchana, ni ya hiari na hukubaliwa na wazazi wenyewe kwenye mkutano. Kwa hiyo ukikuta mchango mpya kwenye barua, uliza ulipitishwa kwenye mkutano upi na uombe kuona muhtasari. Ukikubali kuchangia, lipa kwenye akaunti ya shule au kwa kumbukumbu namba ya malipo, na udai risiti. Usimpe mtoto fedha taslimu, na usitume kwenye simu ya mwalimu binafsi hata kama ni mtu mwema kiasi gani. Ukiwa huna kabisa, nenda kaseme mapema. Mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango.

Shule binafsi ni habari nyingine. Huko ada ipo, kwa kawaida hulipwa kwa awamu, na barua itakuonyesha deni. Linganisha na risiti zako kabla ya kulipa, kwa sababu malipo ya benki yaliyoandikwa jina la mzazi badala ya la mwanafunzi mara nyingi hayaonekani kwenye hesabu ya mtoto. Peleka nakala ya risiti kwa mhasibu wakati wa likizo, ofisi ikiwa haina foleni.

Tarehe ya kufungua iandike ukutani siku hiyohiyo. Mafundi cherehani huzidiwa wiki ya mwisho ya likizo, na nauli za mikoani mwanzoni mwa Januari ni vita. Anayesafiri mbali akate tiketi mapema. Kama barua imetaja kazi za likizo, zigawe kwa wiki. Mtoto akiziachia siku tatu za mwisho atanakili za mwenzake.

Sasa jibu. Chini ya ripoti au barua kuna kipande cha kukata, au mstari wa sahihi na maoni ya mzazi. Wengi hutia sahihi tu, na wengine, tusidanganyane, hutiliwa sahihi na mtoto mwenyewe. Pale pameachwa nafasi ili uandike, na mistari mitatu inatosha. Kwa mfano:

“Mwalimu, nimepokea ripoti ya mwanangu na nimeisoma. Nashukuru kwa kumfuatilia kwenye Kiswahili, nimeona amepanda. Hisabati inanitia wasiwasi. Naomba nije kukuona wiki ya kwanza ya kufungua, siku utakayoniambia.”

Ona kwamba shukrani imetaja somo. Mwalimu wa shule ya kata mwenye madarasa ya wanafunzi zaidi ya mia husikia malalamiko kila siku, na ni nadra kuambiwa ni jambo gani hasa limeonekana. Ukitaja jambo lenyewe, atamkumbuka mtoto wako. Zawadi haihitajiki, na bahasha ya fedha kwa mwalimu usiianze kabisa.

Kama una malalamiko, fuata ngazi. Anza kwa mwalimu wa darasa. Likiwa la alama, mwalimu wa taaluma. Kisha mkuu wa shule. Lisipotatuliwa hapo, nenda kwa Afisa Elimu Kata, halafu Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Yote hayo ni bure. Nenda na ripoti mkononi, na uandike tarehe na jina la aliyekusikiliza.

Mwenye mtoto wa kidato cha nne, bahasha yako ya mwisho ni tofauti. Mtihani wa taifa hufanyika Novemba, na kwa mwanafunzi wa shule ya serikali gharama ya mtihani hubebwa na serikali. Hakuna kipande cha kurudisha, lakini kuna vitu viwili vya kuhakikisha kabla hajaondoka shuleni. Kwanza namba yake ya mtihani: iandike mahali pawili, maana matokeo hutoka kwenye tovuti ya NECTA, kwa kawaida Januari, na bila namba utatafuta jina katika orodha ndefu. Pili, machaguo yake ya tahasusi na vyuo, yanayojazwa shuleni kupitia mfumo wa TAMISEMI uitwao Selform. Baada ya matokeo hufunguliwa muda wa kubadilisha machaguo, na kufanya hivyo hakulipiwi. Utakacholipia ni bando, au mia chache kwenye kibanda cha intaneti. Kaa naye mkiyapitia, kwa sababu aliyechagua masomo ya sayansi akapata C za sanaa asiporekebisha atapangiwa kisichomfaa au asipangiwe kabisa. Cheti chenyewe huja baadaye, na hufuatwa shuleni pale aliposoma, kwa hiyo namba ya simu ya ofisi ya taaluma usiifute.