Nguzo za Kibanio: Kuzipigilia kwa Mashine bila Kuumiza Mtu wala Mfugo



Siku ya chanjo, kibanio hubeba uzito mkubwa. Dume akisukuma kutoka nyuma na wenzake wakirudi kinyumenyume, nguvu zote huishia kwenye nguzo. Nguzo ikilegea, anayeumia ni mtu aliyesimama kando na sindano, na kundi hutawanyika bila kuchanjwa.

Kikundi kikichangishana na kukodi trekta lenye mashine ya kupigilia nguzo, kazi ya siku nyingi za mtaimbo huisha mapema. Nguzo nayo hushika vizuri zaidi. Ukichimba shimo unalegeza udongo, na hata ukishindilia huchukua muda kukaza. Nguzo iliyopigiliwa huusukuma udongo pembeni, na udongo huibana tangu siku ya kwanza.

Lakini nyundo ya mashine hii huwa na uzito wa kilo 200 au zaidi. Haitofautishi mti na mkono. Someni somo hili pamoja nyumbani kabla trekta halijafika.

Kabla ya trekta kufika

- Chagua nguzo zilizonyooka, zisizo na ufa, zenye unene wa sentimita 15 hivi. Nguzo ya mita 2.4 iingie ardhini sentimita 80, yaani theluthi moja. Nguzo za lango ziwe nene na ndefu zaidi, ziingie mita 1 au zaidi.
- Upande mwembamba ndio uende chini. Ukichonga ncha, chonga sawasawa pande zote. Ncha iliyochongwa upande mmoja huipotosha nguzo.
- Nguzo iliyotiwa dawa usiichonge. Dawa imeingia sehemu ya nje tu, na ukiichonga unamfungulia mchwa mlango.
- Vuta kamba na weka alama kila mita 1.5. Upana wa ndani usizidi sentimita 70, ili ng'ombe asipate nafasi ya kugeuka.
- Uliza kamati ya maji bomba limepita wapi. Tazama na juu: mlingoti wa mashine usikaribie waya wa umeme.
- Udongo ukiwa mkavu na mgumu, toboa kwanza tundu la kuongozea kwa mtaimbo. Liwe jembamba kuliko nguzo. Ukikuta mwamba usilazimishe. Sogeza alama au chimba shimo kwa mkono.

Siku ya kupigilia

1. Trekta lisimame mahali tambarare, breki imefungwa na magurudumu yamewekewa mawe.
2. Mwendeshaji mmoja tu ndiye ashike vishikio vya mashine. Avae kofia ngumu, viatu vigumu, na kinga ya macho na masikio.
3. Wakati wa kuweka nguzo chini ya nyundo, nyundo ifungwe kwanza kwa pini yake ya usalama. Pini kwanza, mkono baadaye.
4. Nguzo ishikwe na kibano cha mashine. Nyundo inapofanya kazi, mtu yeyote asiishike kwa mkono, hata kwa pigo moja. Vidole hupotea pale mtu anaposema, "Ngoja niinyooshe kidogo."
5. Watu wengine wakae hatua 10 au zaidi, kwa sababu vipande vya mti huruka. Watoto wabaki nyumbani, na mifugo ipelekwe malishoni, kelele zitaishtua.
6. Anza kwa mapigo mafupi. Baada ya mawili au matatu, simamisha, funga pini, kisha pima wima kwa timazi pande mbili. Rekebisha sasa hivi. Nguzo ikishazama sana haisikii tena.
7. Kichwa cha nguzo kikianza kupasuka, simama. Nguzo iliyopasuka hunyonya maji na kuoza kuanzia juu.
8. Kabla trekta halijasogea, au mwendeshaji hajateremka, nyundo ishushwe hadi chini.

Baada ya kazi: linda mifugo

Vipande vya nguzo zenye dawa ya rangi ya kijani visichomwe kuni wala kutupwa jalalani na kuwashwa moto. Dawa hiyo huwa na arseniki, na moto hauimalizi: hubaki kwenye majivu. Ng'ombe hulamba majivu kama anavyolamba magadi, na kiasi kidogo kinatosha kumuua. Vikusanye vyote na uvizike kwenye shimo refu, mbali na kisima na njia ya mifugo.

Okota kila msumari na kila kipande cha waya. Ng'ombe hachagui anapokula. Chuma hukaa kwenye tumbo lake la pili, karibu na moyo, na kinaweza kuutoboa. Ng'ombe wa namna hiyo huacha kula, hupinda mgongo na kulalamika anapotembea. Tiba yake ni ngumu, lakini kuokota msumari hakugharimu kitu.

Fukia pia kila tundu lililoachwa wazi, ndama asije akavunjika mguu.

Maswali ya kujadili na familia

1. Nguzo yenu ina mita 3. Iingie ardhini kiasi gani?
2. Nguzo imeanza kuinama baada ya pigo la pili. Nani afanye nini kwanza?
3. Mabaki ya nguzo zenye dawa mtayazika wapi?

Msipokubaliana kwenye swali la pili, rudini kwenye hatua ya 3 na ya 6 kabla injini haijawashwa.