Kupima Matokeo ya Tiba za Kupunguza Mafuta Bila Upasuaji

Mteja aliyelipia tiba ya kupunguza mafuta ya tumbo hupanda mizani baada ya miezi mitatu, akakuta uzito wake ni uleule, akadhani ametapeliwa. Mwingine hupimwa kiuno kwa futikamba, akaambiwa amepungua sentimita mbili, akaondoka amefurahi. Huenda wote wawili wamekosea. Wa kwanza ametumia kipimo kisichoweza kuliona badiliko analolitafuta. Wa pili ameonyeshwa tofauti ambayo pumzi peke yake yaweza kuileta.

Tiba hizi hutumia baridi, leza, mawimbi ya redio au ultrasaundi kuharibu seli za mafuta zilizo chini ya ngozi. Ya baridi huitwa kriolipolisisi. Mwaka 2008, Dieter Manstein na Rox Anderson wa Boston, Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa nguruwe, yakionyesha kwamba baridi iliyodhibitiwa huweza kuumiza seli za mafuta na kuiacha ngozi salama. Kifaa cha tiba hiyo kiliruhusiwa nchini humo mwaka 2010 kwa mafuta ya ubavuni. Seli zilizoumia hufa taratibu na kuondolewa na mwili kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu. Anayepima baada ya wiki moja hupima uvimbe.

Kwa kawaida unene wa tabaka la mafuta katika eneo lililotibiwa hupungua kwa takriban asilimia 20 hadi 25. Kiasi hicho si kidogo machoni, lakini ni kidogo mno kwenye mizani. Tabaka la milimita 30 likipungua kwa asilimia 20, hupotea milimita 6. Eneo likiwa na sentimita za mraba 150, mafuta yaliyoondoka ni sentimita za ujazo 90, yaani takriban gramu 80. Bilauri moja ya maji ikinywewa kabla ya kupima hufuta upungufu huo wote na kuzidi.

Futikamba nayo inahitaji nidhamu. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida, mtu akiwa amesimama wima na hajala. Mpimaji awe yuleyule. Jambo linalosahaulika zaidi ni kupima mara tatu kabla ya tiba, futikamba ikiondolewa na kurudishwa kila mara. Iwapo vipimo hivyo vitatu vimetofautiana kwa sentimita moja na nusu, upungufu wa sentimita moja baada ya tiba hauthibitishi chochote.

Uzito lazima uandikwe kila mara, ingawa si kipimo cha mafanikio. Wateja wengi huanza pia kutembea na kupunguza vyakula vya kukaanga; aliyepungua kilo tatu atapungua kiuno hata kama mashine haikuwashwa. Kwa sababu hiyo hupimwa pia sehemu isiyotibiwa, kama vile paja, ili kulinganisha.

Ultrasaundi huonyesha unene wa mafuta kwa milimita, mradi nukta ileile ipimwe, kwa umbali uliorekodiwa kutoka kitovuni, bila kukandamiza. Mkono mzito hubonyeza mafuta na kutengeneza mafanikio yasiyokuwapo. MRI hupima ujazo vizuri zaidi, ila gharama yake huifaa zaidi katika utafiti. Picha zina thamani zikipigwa kwa mwanga, umbali na mkao uleule, kisha zikahukumiwa na mtu asiyejua ipi ilitangulia. Picha za matangazo, ambamo tumbo lililolegezwa hugeuka tumbo lililovutwa ndani, si ushahidi.

Kuna ahadi moja isiyopaswa kutolewa: kwamba tiba hii itashusha sukari au shinikizo la damu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulifuatilia wanawake 15 wenye unene uliokithiri waliofyonzwa kwa upasuaji takriban kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi. Wiki 10 hadi 12 baadaye, sukari, shinikizo na mafuta ya damu havikuwa vimeboreka. Mgonjwa wa kisukari asiache dawa kwa sababu suruali imelegea.

Kumbukumbu za vipimo vya awali humlinda mteja hata mambo yanapokwenda kombo. Mwaka 2014 madaktari walieleza kwa mara ya kwanza kwamba baada ya kriolipolisisi, kwa watu wachache, mafuta huongezeka badala ya kupungua. Miezi kadhaa baada ya tiba hutokea uvimbe mgumu kiasi, usiouma, mara nyingi wenye umbo la kifaa kilichowekwa. Hauondoki kwa kujinyima chakula, na kwa kawaida huhitaji upasuaji. Mteja asiye na vipimo vya awali huambiwa amenenepa, akarudishwa mezani kwa baridi zaidi. Aliye na vipimo vinavyoonyesha uzito haujabadilika, paja halijabadilika, lakini eneo lililotibiwa limeongezeka, hupewa rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji siku hiyohiyo.